Kuhamisha barabara kuu kupisha bwawa: kazi inaanza kwenye kimo cha maji

Barabara kuu inayopita bondeni haihamishwi kwa kuchora mstari mpya juu kidogo ya ule wa zamani. Ikishakaa kando ya bwawa, inakabiliwa na mambo ambayo barabara ya kawaida haiyajui: mguu wa tuta unalowa na kukauka kila mwaka, mlima unanyonya maji kutoka chini, mawimbi yanakula kingo, na kijito kilichokuwa kinapita chini ya kalvati sasa kinaishia ziwani. Barabara za namna hii zinapoharibika, mara nyingi kosa liko kwenye udongo ulio mita kadhaa chini ya lami, mahali maji yanapopanda na kushuka. Lami yenyewe haina hatia.

Hesabu zilizomo humu ni mifano ya kuonyesha njia. Taratibu za kisheria zilizotajwa ni za Tanzania. Fizikia ya udongo na maji ni ileile popote.

Kwanza amua barabara ivuke au izunguke

Kuna njia tatu, na uamuzi ufanyike wakati bwawa lenyewe bado liko kwenye usanifu, maana baada ya hapo njia ya kwanza hupotea.

Njia ya kwanza ni kupitisha barabara juu ya ukuta wa bwawa, kama barabara ya Dodoma–Iringa inavyopita kwenye bwawa la Mtera. Unapata kivuko bila kujenga daraja refu. Lakini upana wa juu wa ukuta sasa utaamuliwa na barabara, malori mazito yatapita juu ya mitambo ya milango ya maji, na kila matengenezo makubwa ya ukuta yatagusa usafiri wa mikoa miwili. Ukichagua njia hii, andika mapema nani anafunga barabara, kwa taarifa ya siku ngapi, na magari yatapita wapi.

Ya pili ni kuzunguka ziwa. Inaonekana nafuu kwenye bajeti ya ujenzi, lakini gharama inahamia kwa msafiri. Chukua magari 3,000 kwa siku na nyongeza ya kilomita 14: hizo ni kilomita milioni 15.3 za ziada kila mwaka. Ukikadiria shilingi 800 kwa kila kilomita ya gari, ni zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka, mwaka hadi mwaka. Weka namba hiyo mezani kabla mtu hajasema daraja ni ghali.

Ya tatu ni daraja. Lesotho wameichagua kwa bwawa la Polihali, chini ya makutano ya mito Senqu na Khubelu, ambapo maji yatafunika sehemu za barabara kuu ya A1 kuelekea Mokhotlong. Madaraja makubwa ni matatu: Senqu, Mabunyaneng na Khubelu. Daraja la Senqu lina urefu wa mita 825 na kimo cha takriban mita 90. Kwenye milima mikali kama ile, kuzunguka kunadai kukata mlima kwa kilomita nyingi, na kila mkato ni mteremko mpya wa kulinda. Faida nyingine ya daraja husahaulika: nguzo zinajengwa nchi kavu, kabla maji hayajafika. Ukichelewa, msingi uleule utahitaji majahazi, mabwawa ya muda na wapiga mbizi.

Tafuta kimo kinachotawala

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kosa la kawaida ni kuchukua kimo cha bwawa kujaa, kuongeza mita moja, na kuendelea. Kimo cha bwawa kujaa ni mwanzo wa hesabu tu.

Tuseme bwawa linajaa mita 850.0 juu ya usawa wa bahari. Mafuriko ya mara moja kwa miaka 100 yanapandisha maji mita 1.8 juu ya kimo hicho kabla njia ya kumwagia maji ya ziada haijayamaliza. Sasa ongeza wimbi. Kwa maji yenye urefu wa wazi (umbali ambao upepo unavuma juu ya maji bila kizuizi) usiofika kilomita 32, fomula ya Stevenson inatosha kwa usanifu wa awali: kimo cha wimbi kwa mita ni 0.032 mara kipeuo cha pili cha (kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa × urefu wa maji kwa kilomita), jumlisha 0.763, toa 0.271 mara kipeuo cha nne cha urefu huo wa maji. Kwa upepo wa kilomita 90 kwa saa na maji ya wazi ya kilomita 8 unapata wimbi la mita 1.17. Likigonga mteremko uliofunikwa mawe litapanda takriban mara moja na nusu ya kimo chake, yaani mita 1.75.

Tuta nalo litatitia. Kwa tuta la mita 20 lililoshindiliwa vizuri, weka asilimia 1, yaani sentimita 20. Ongeza nusu mita ili maji yasikae chini ya matabaka ya barabara. Jumla: 850.0 + 1.8 + 1.75 + 0.2 + 0.5 = 854.25. Hicho ndicho kimo cha chini ya matabaka. Matabaka yakiwa na unene wa nusu mita, ukingo wa bega la barabara utakuwa 854.75. Aliyeongeza mita moja tu angeweka barabara karibu mita nne chini ya hapo.

Kimo hiki hakiwi sawa kuzunguka ziwa lote. Ndani ya ghuba iliyojikinga, wimbi hupungua na unaweza kushuka. Lakini kwenye mkia wa ziwa, mto unapoingilia, mambo yanageuka. Wakati wa mafuriko uso wa maji pale haulali: unapanda kuelekea juu ya mto. Kisha mchanga na tope vinaangushwa hapohapo, kitanda cha mto kinainuka, na mafuriko ya mwaka wa 30 yanapita juu zaidi ya yale ya mwaka wa kwanza kwa maji yaleyale. Daraja la mkiani lipigiwe hesabu kwa kitanda kinachotarajiwa baada ya miaka 50. Chini ya mihimili acha mita 2 wazi kwa ajili ya magogo. Palipo na mitumbwi na boti, uliza wavuvi kabla ya kuandika namba.

Ukanda wa kupanda na kushuka

Mtera linajaa kwenye mita 698.5 na kimo cha chini cha uendeshaji, ambacho maji hayatakiwi kushushwa zaidi yake, ni 690. Hizo ni mita 8.5 za mteremko zinazolowa na kukauka. Kwenye bwawa la Three Gorges, China, maji huchezea kati ya mita 175 na 145, mita 30 kila mwaka. Ukanda huu ndio adui wa barabara.

Maji yakikaa juu kwa miezi, udongo wa tuta na wa mlima hujaa. Milango ikifunguliwa, ziwa linashuka haraka kuliko maji yaliyo ndani ya udongo. Yale ya nje yaliyokuwa yanaegemea mteremko yameondoka, ya ndani bado yanausukuma, na udongo ungali na uzito wa kulowa. Mteremko unakatika wakati huo, mara nyingi kukiwa na jua kali na watu wanashangaa mvua haikunyesha. Maji yanapopanda kwa mara ya kwanza pia yanaua. Kwenye bwawa la Vajont nchini Italia, tarehe 9 Oktoba 1963, ubavu wa mlima Monte Toc uliingia bwawani, wimbi likaruka ukuta na watu wapatao 2,000 wakafa. Mlima ule ulikuwa umeonyesha mwendo kwa miaka kadri maji yalivyopandishwa na kushushwa. Qianjiangping, kwenye eneo la Three Gorges, mlima uliporomoka Julai 2003, wiki chache baada ya maji kufikishwa mita 135 mwezi Juni.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali mstari wowote wa barabara, tembea mteremko wote kutoka mtoni hadi kileleni na mwanajiolojia. Tafuta miti iliyopinda shina, chemchemi zilizopangana kwa mstari, nyufa zenye umbo la mwezi mchanga, na ardhi yenye vibonde visivyo na mkondo. Hizo ni dalili za poromoko la zamani. Poromoko la zamani ambalo mguu wake utafunikwa na maji likwepwe, hata kama mstari utarefuka kilomita tatu. Kulizuia kwa nguzo na nanga kunawezekana kwenye karatasi, ila bei yake humeza daraja.

Tuta likilazimika kuingia ndani ya ukanda huu, lijenge hivi. Kuanzia chini hadi mita 1 juu ya kimo cha bwawa kujaa, tumia mawe ya mlipuko yanayopitisha maji, yenye chembe laini (chini ya milimita 0.075) zisizozidi asilimia 5. Yapange kwa tabaka za sentimita 60 hadi 80 na uyashindilie kwa rola la kutetemesha la tani 10 au zaidi, yakimwagiwa maji. Mteremko wa nje uwe 1 wima kwa 2 mlalo kwa mawe, na usiwe mkali kuliko 1 kwa 3 kama umelazimika kutumia udongo wa mfinyanzi. Udongo mweusi wa mbuga usitumike kabisa chini ya mstari wa maji. Uthabiti ukaguliwe katika hali tatu: ziwa limejaa, ziwa liko chini, na ziwa linashuka kwa kasi ya juu kabisa ambayo mwendeshaji wa bwawa ameruhusiwa. Kigezo cha usalama (nguvu inayoshikilia mteremko ikigawanywa kwa ile inayouporomosha) cha 1.5 kwa hali tulivu na 1.3 kwa kushuka kwa haraka vinakubalika. Muombe mwendeshaji hiyo kasi kwa maandishi. Wasanifu wengi huikisia, kisha mitambo inaendeshwa kwa kasi mara mbili yake.

Kuna hitilafu nyingine inayojificha. Udongo ulioshindiliwa ukiwa mkavu hufaulu kipimo cha uzito kwa ujazo, unaonekana mgumu, halafu siku maji yanapoufikia mara ya kwanza unaanguka ndani kwa ndani na barabara inazama sentimita kadhaa kwa wiki moja. Sehemu zote zitakazolowa zishindiliwe kwenye unyevu bora (kiasi cha maji kinachouwezesha udongo kushikamana zaidi) au hadi asilimia 2 juu yake, na msimamizi akatae tabaka kavu hata kama kipimo cha uzito kimepita.

Kinga ya mawe ihesabiwe. Kwa wimbi letu la mita 1.17, mteremko wa 1 kwa 2.5 na mawe ya kilo 2,650 kwa mita ya ujazo, fomula ya Hudson ya mawe yanayohimili mawimbi (kwa kigezo cha uimara wa mawe cha 2.2) inatoa jiwe la wastani la kilo 170 hivi, sawa na sentimita 40. Unene wa kinga uwe mawe mawili, yaani sentimita 80. Chini yake weka chujio la changarawe la sentimita 30, ambalo ukubwa unaozidi asilimia 15 ya chembe zake hauzidi mara 5 ya ukubwa unaozidi asilimia 85 ya chembe za udongo wa chini yake. Bila chujio, wimbi linavuta udongo kupitia mianya ya mawe na kinga inazama taratibu, ikionekana nzima kutoka juu. Gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) zinafaa kwenye vijito. Kwenye ukanda wa mawimbi waya wake unasuguliwa na magogo na kukatika.

Kalvati zinazomeza maji pande zote

Tuta linapokata ghuba, maji ya upande wa mlimani hayana budi kupanda na kushuka pamoja na ziwa. Yakibaki nyuma, tuta linageuka ukuta wa bwawa dogo ambalo hakuna aliyelisanifu. Ghuba ya hekta 40 na ziwa linaloshuka nusu mita kwa siku zinatoa mita za ujazo 200,000 kwa siku, sawa na 2.3 kwa sekunde. Kwa tofauti ya sentimita 20 kati ya pande mbili, kasi ndani ya kalvati itakuwa takriban mita 1.2 kwa sekunde. Unahitaji eneo la mita za mraba 1.9, kwa hiyo kalvati la boksi la mita 1.5 kwa 1.5 linatosha kwa ghuba hiyo, kabla hujaongeza maji ya kijito chenyewe. Sakafu yake iwe chini ya kimo cha chini cha uendeshaji, na jenga mawili, kwani moja litaziba na hakuna mtu atakayelisafisha likiwa mita 8 chini ya maji.

Kalvati za juu mlimani zina tatizo tofauti. Zamani zilimwaga maji kwenye kijito. Sasa mdomo unaning'inia juu ya mteremko usio na mimea, na maji yanachimba korongo linalorudi hadi barabarani ndani ya misimu miwili. Endeleza kila mdomo kwa mfereji wa mawe yaliyojengwa kwa saruji hadi kimo cha chini ambacho ziwa hufikia wakati wa mvua, na umalizie kwa kitanda cha mawe makubwa.

Ardhi, watu na makaburi

Hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Kanda hizi mbili zikipimwa na taasisi mbili kwa nyakati tofauti, mwanakijiji mmoja hutathminiwa mara mbili, au kubaki na kipande chembamba katikati kisichofaa kitu. Ziunganishe kwenye zoezi moja la uthamini, tarehe moja ya kufunga orodha, vigingi vya aina moja.

Fidia ihesabu ardhi, majengo na mazao, pamoja na posho za usumbufu, usafiri, makazi na hasara ya faida. Kodi ya nyumba na hasara ya biashara huhesabiwa kwa miezi 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita riba inaanza kukimbia. Kwa makaburi fuata Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na anzeni na wazee wa ukoo kabla ya barua ya halmashauri. Orodha ya makaburi inayotengenezwa ofisini huwa pungufu.

Jambo ambalo ramani haioneshi ni njia za miguu. Barabara ya zamani ilikuwa inaunganisha kijiji na shamba lake ng'ambo ya mto, shule na zahanati. Ziwa likijaa, umbali wa dakika 20 unageuka kilomita 25. Hesabu hizo njia mojamoja pamoja na serikali ya kijiji, na kwa kila moja toa jibu: daraja la miguu, kivuko, au huduma mpya upande waliobaki. Mifugo nayo ipewe njia za kushukia majini chini ya barabara. Zikikosekana, ng'ombe watashukia kwenye kinga ya mawe na kuibomoa.

Udongo utoke wapi

Machimbo ya udongo na changarawe yachimbwe ndani ya eneo litakalofunikwa, kwani mashamba yaliyo juu ya maji ndiyo yatakayobaki kulisha watu. Mipaka ni miwili. Usichimbe tabaka la mfinyanzi lililo mbele ya ukuta, ambalo mara nyingi ndilo linalozuia maji kupenya chini yake. Pata idhini ya mhandisi wa bwawa kwa kila shimo. Pili, mawe ya matengenezo ya miaka kumi ijayo yapandishwe juu mapema. Machimbo yakizama yamezama.

Panga ratiba kutoka mwisho

Andika tarehe ya kufunga milango ya bwawa, kisha rudi nyuma. Barabara mpya ifunguliwe angalau msimu mmoja mzima wa mvua kabla ya tarehe hiyo, ili mvua ioneshe kalvati lipi ni dogo na mkato upi unadondosha mawe wakati bado kuna njia ya zamani ya kurudia. California waliipa nafasi kubwa zaidi: Vasco Road mpya ilifunguliwa 1996, bwawa la Los Vaqueros likakamilika 1998. Bwawa hilo liliongezwa ujazo baadaye, 2012. Muulize mwenye bwawa wako swali hilo sasa: je, kuna mpango wa kuinua ukuta? Kama upo, mstari wa barabara ufuate kimo cha baadaye.

Mwenye bwawa hulipia barabara ya hadhi ileile iliyofunikwa. Mamlaka ya barabara ikitaka pana zaidi, tofauti ni yake. Iandikwe kwenye hati ya makubaliano kabla ya zabuni, pamoja na nyaya za umeme, mkongo wa mawasiliano na mabomba yaliyokuwa kando ya barabara ya zamani. Muda wa mkandarasi kuwajibika kwa kasoro usiwe miezi 12 ya kawaida, kwani huenda ukaisha kabla maji hayajawahi kushuka hata mara moja. Dai muda unaofunika mizunguko miwili kamili ya kujaa na kushuka.

Siku maji yanapopanda

Kabla ya kujaza, weka pini za upimaji kila mita 50 kwenye matuta na mikato yenye mashaka, mabomba ya kupima kimo cha maji ndani ya udongo, na angalau mabomba mawili ya kupima mwendo wa udongo wa chini kwa kila mteremko mkubwa. Soma vipimo vya msingi kwa miezi mitatu ili ujue kinachosogea kabla ya maji. Wakati wa kujaza soma kila siku na weka vituo: maji yakifika theluthi, theluthi mbili na mita 5 za mwisho, simama wiki mbili. Kinachotisha zaidi ni kasi inayoongezeka. Mwendo ukiwa mara mbili ya kipimo kilichotangulia, kujaza kusimame na barabara ifungwe. Lakini usishushe maji kwa pupa, maana kushuka haraka ndiko kunakoweza kumalizia mteremko uliokwisha legea.

Barabara ya zamani ifungwe kwa matuta ya udongo na vizuizi vya zege sehemu tatu kila upande: kwenye makutano, mita 300 kabla ya maji, na ukingoni. Dereva mgeni wa usiku anayefuata ramani ya simu ataingia ziwani, hivyo wasilisha marekebisho ya ramani hizo wiki ileile. Kokoto za tabaka la msingi zinafaa kutumika tena. Ondoa matangi ya vituo vya mafuta, matope ya vyoo, na hasa udongo wa majosho ya ng'ombe ya zamani, ambao huwa na dawa zenye sumu. Madaraja ya zamani yabomolewe hadi mita 3 chini ya kimo cha chini cha uendeshaji ili boti zisiyagonge. Kipande kimoja cha lami kinachoteremka majini taratibu kinaweza kubaki kama gati la wavuvi, kikiwa na taa, uzio pembeni, na jina la anayekitunza kwenye mkataba.